Waskoti na Swali la Uhuru

Jioni hii tumekusudia kusema nanyi habari za Waskoti, watu wakaao kaskazini ya kisiwa kile kikubwa cha Waingereza. Pamoja nao tutasema habari za uhuru wa nchi: jinsi walivyoupigania kwa upanga, jinsi walivyouweka chini kwa mapatano, na jinsi walivyoulizwa mwaka 2014 kama wautaka tena, wengi wao wakajibu la.

Jibu hilo ndilo lililotutia kufikiri. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki twaujua uhuru kwa tarehe zake: Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Unguja na Kenya 1963. Wazee wetu walikesha wakicheza ngoma bendera zilipopandishwa. Laiti mtu angalisimama usiku ule katikati ya uwanja akasema kwamba yafaa kwanza tukae tuhesabu faida na hasara, angalizomewa hata nyumbani kwake. Basi tuliposikia ya kuwa taifa zima la watu wenye elimu limepewa karatasi na kalamu, likaulizwa kama lataka kuwa nchi huru, na wengi wakatia alama yao penye La, tulidhani masikio yametudanganya. Je, yuko mtu akataaye kitu hicho? Na akikikataa, je, tumwite mwoga, au yako mambo tusiyoyaona?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kusahihisha kosa moja la lugha yetu. Neno Uingereza tumezoea kulitumia kwa maana mbili: nchi ya kusini penye mji wa London, na ufalme wote pamoja na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mskoti akisikia hivyo huudhika. Tulipokuwa vijana tulifundishwa hesabu na mwalimu mmoja mzee, mpole sana, ambaye kosa la kugawanya alilisamehe na kosa la kuzidisha alilisamehe, lakini siku mwenzetu mmoja alipomwita “Bwana Mwingereza”, aliweka chaki chini, akachora kisiwa kizima ubaoni, akapiga mstari katikati, akasema, “Mimi natoka hapa juu.” Hesabu haikufundishwa tena siku ile. Basi leo tukisema Uingereza twakusudia ile nchi ya kusini tu, na zote pamoja tutaziita Ufalme wa Muungano.

Uskoti si nchi kubwa. Watu waliohesabiwa huko mwaka 2022 walikuwa 5,436,600. Mwaka huo huo katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake walihesabiwa watu 5,383,728. Nchi yenyewe ni ya milima na maziwa na visiwa vingi, mvua haikatiki, na upande wa kaskazini ardhi ni ya mawe, haitoi chakula kingi. Wenyeji wa milimani huvaa vazi liitwalo kilt, mfano wa kikoi cha sufu chenye mistari ya rangi, kilichokunjwakunjwa kwa nyuma. Na hupiga zumari yenye mfuko wa ngozi, ambayo sauti yake husikika ng’ambo ya bonde. Jirani zao huwacheka kwa ubahili. Wao wenyewe huzisimulia hadithi hizo za ubahili kwa furaha kuliko mtu mwingine yeyote, nasi twaona ya kuwa mtu ajichekaye hivyo si bahili sana.

Uhuru wao wa kwanza waliupata kwa damu. Mwaka 1296 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliingia Uskoti kwa jeshi. Mwaka uliofuata William Wallace aliwashinda Waingereza penye daraja la Stirling. Baadaye akakamatwa, akauawa London mwaka 1305. Robert Bruce ndiye aliyemaliza kazi hiyo, alipolivunja jeshi kubwa la Uingereza huko Bannockburn mwaka 1314. Wengi wenu mmesoma hadithi ya Bruce na buibui aliyefuma utando wake tena na tena bila kukata tamaa. Ni hadithi nzuri, ila iliandikwa miaka mingi mno baada ya Bruce kufa, wala msiiweke pamoja na tarehe mtakapoulizwa katika mtihani. Jambo la hakika, nalo twaliona kubwa kuliko buibui, ni barua ambayo wakuu wa Uskoti walimpelekea Papa mwaka 1320. Katika barua hiyo walimsifu Bruce kama mkombozi wao, kisha wakasema wazi kwamba yeye naye akithubutu kuwatia chini ya Waingereza, watamfukuza na kumweka mfalme mwingine. Angalieni hapo. Miaka mia saba iliyopita, watu hao walikwisha kusema ya kuwa mfalme ni wa nchi, wala nchi si ya mfalme.

Mwaka 1603 mfalme wao James alirithi na kiti cha Uingereza, akahamia London. Nchi zikawa mbili, mfalme mmoja. Halafu Waskoti wakaingia katika msiba walioutengeneza wenyewe. Mwaka 1698 walituma merikebu tano kwenda kujenga koloni mahali paitwapo Darien, katika shingo ya nchi ya Panama. Matajiri na watu wa kadiri walikuwa wametoa akiba zao kwa kazi hiyo. Homa ikawaua walowezi, Wahispania wakawashambulia, na mfalme aliyekuwa London akayakataza makoloni ya Waingereza yasiwape msaada. Hata kufika mwaka 1700 koloni limekwisha, na watu kama 2,000 wamekufa. Nchi ilikuwa imefilisika nusu yake. Ndipo kukaja maneno ya kuungana. Na tarehe 1 Mei 1707 Bunge la Uskoti likafungwa, wajumbe 45 wakapewa viti katika Baraza la Wawakilishi huko London, na zikalipwa paundi 398,085, nyingi zake kwa wale waliopoteza mali Darien. Watu wa kawaida walifanya ghasia katika njia za Edinburgh na Glasgow. Hawakuulizwa. Hata leo wako Waskoti wasemao kwamba nchi yao iliuzwa, na wako wasemao kwamba ilinunua mlango wa kuingilia biashara ya dunia. Sisi twadhani yote mawili yalitokea siku moja.

Lakini waliofanya mapatano hayo hawakutoa kila kitu. Walibakiza mambo matatu: kanisa lao, mahakama zao na shule zao. Na hapo ndipo sifa za watu hawa zilipojificha zisipotee. Mahakama ziliendelea kuhukumu kwa sheria ya Uskoti. Na kwa muda mrefu zilikuwa na hukumu ya tatu isiyokuwako Uingereza, si “ana hatia” wala “hana hatia”, bali “haikuthibitika”, yaani twakushuku, lakini hatuwezi kukufunga kwa kushuku. Kanisa lao halikuwa chini ya maaskofu. Kila mtaa ulikuwa na wazee wake, waliokaa barazani na kubishana. Na shule! Sheria ya mwaka 1696 iliamuru kila mtaa wa kanisa uwe na shule na mwalimu, na wenye mashamba walipe gharama. Tangu karne ya kumi na sita Uskoti ilikuwa na miji minne yenye vyuo vikuu, St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, wakati Uingereza, iliyoizidi mbali kwa watu na mali, ilikuwa na miwili tu.

Kutoka katika shule hizo maskini walitoka watu ambao kazi zao zimo nyumbani mwetu bila sisi kujua. James Watt aliyeitengeneza injini ya mvuke ikafaa viwandani alizaliwa Greenock. Adam Smith, aliyefundisha dunia elimu ya uchumi, alizaliwa Kirkcaldy. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alikuwa mtoto wa mkulima wa Ayrshire. Tena David Livingstone, ambaye jina lake twalijua tangu utotoni: akiwa na umri wa miaka kumi alitiwa katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa juma lake la kwanza alinunua kitabu cha kujifunza Kilatini, akakiegemeza juu ya mtambo wa kusokotea nyuzi, akawa anasoma sentensi moja kila apitapo. Twawaomba wanafunzi wasikilizao wasitafute somo lolote hapo la kuwapendeza walimu wao. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kufanya kazi saa kumi na nne. Twataka mwone tu ni kiu gani iliyokuwamo katika watu wale.

Tukiwasifu, haki yataka tuseme na upande wa pili. Watu walioandika barua ile ya 1320 hawakuona haya kuuchukua uhuru wa wengine. Wafanya biashara wa Glasgow walitajirika kwa tumbaku na sukari zilizolimwa na watumwa wa Kiafrika, na mpaka leo majina ya ukoo ya Kiskoti yamejaa Jamaika. Kampuni iliyofungua njia ya utawala wa kikoloni katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, ikapata hati yake mwaka 1888, iliongozwa na Mskoti, William Mackinnon. Jina lake lingaliko katika mji mdogo wa Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi. Na kwao kwenyewe wenye nguvu hawakuwahurumia wanyonge. Baada ya wenyeji wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, wanaume wao walikatazwa kwa sheria kuvaa vazi lao, na sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1782. Kisha wenye ardhi, wengi wao Waskoti na baadhi yao wakuu wa koo zile zile, waliwatoa wakulima wao mabondeni ili kuweka kondoo, na nyumba nyingine zikachomwa moto. Wengi wakapanda merikebu kwenda Kanada. Mtu afukuzwaye na mkuu wa ukoo wake kwa ajili ya kondoo ataona uhuru wa taifa ni maneno ya mbali sana. Lakini kadhalika mwaka 1959, mkutano mkuu wa Kanisa la Scotland ulisimama upande wa Waafrika wa Nyasaland, ukataka wakabidhiwe madaraka, wakati serikali ya London ilipokuwa ikiwatia vifungoni viongozi wao. Watu ni hao hao.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Mwezi Oktoba mwaka 1949 Waskoti walianza kutia sahihi hati ya kutaka Bunge lao wenyewe, na yasemekana sahihi zilifika kiasi cha milioni mbili. Serikali haikuisikiliza. Mwaka huo huo kijana mmoja kutoka Butiama aliingia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma huko historia, uchumi na falsafa hata mwaka 1952. Jina lake Julius Nyerere. Baadaye alisema ya kuwa fikira zake za siasa zilikomaa huko. Basi alikuwako Edinburgh wakati lilipotokea jambo la Jiwe.

Jiwe hili ni kipande cha mwamba chenye uzito wa kilo 150 na zaidi, ambalo wafalme wa Uskoti walikuwa wakitawazwa juu yake. Edward wa Kwanza alilichukua mwaka 1296, akalitia chini ya kiti cha enzi katika kanisa la Westminster Abbey, London. Likakaa humo miaka mia sita na hamsini. Alfajiri ya Krismasi mwaka 1950, vijana wanne wa Kiskoti wakiongozwa na Ian Hamilton, mwanafunzi wa sheria wa Glasgow, waliingia kanisani gizani wakalivuta. Likavunjika vipande viwili mikononi mwao! Kipande kidogo kikapakiwa katika motakaa moja, kikubwa kikafichwa shambani. Polisi wakaweka vizuizi katika njia zote ziendazo Uskoti. Mwezi Aprili 1951 Jiwe likaonekana limeungwa tena, limelazwa katika magofu ya kanisa la Arbroath, mahali pale pale ilipoandikwa ile barua ya zamani, juu yake bendera ya Uskoti. Likarudishwa London. Serikali iliona ya kuwa kuwashtaki vijana wale kutaleta kelele kubwa kuliko wizi wenyewe, ikawaacha. Hamilton akawa wakili mashuhuri. Hapana aliyepigwa risasi, wala hapana aliyefungwa, lakini Mskoti aliyekuwa amesahau kwamba ana nchi alikumbushwa siku ile.

Miaka ikapita. Mwaka 1979 waliulizwa kama wataka baraza lao. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, lakini sheria ilitaka wafike asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa, hawakufika. Sisi twaona sharti hilo lilikuwa la hila, maana mtu aliyekufa na jina lake halijafutwa alihesabiwa kama amekataa. Waskoti walikasirika, wakangoja. Mwaka 1997 wakaulizwa tena. Asilimia 74 wakakubali, na mwaka 1999 Bunge likafunguliwa Edinburgh baada ya miaka 292. Wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba watatabasamu kidogo hapa, maana habari za muungano wa nchi kubwa na nchi ndogo, ndogo ina baraza lake na kubwa haina lake peke yake, si ngeni kwao.

Hata ikafika tarehe 18 Septemba 2014. Serikali mbili zilikuwa zimeandikiana mkataba mjini Edinburgh miaka miwili kabla, kwamba swali litaulizwa na jibu litaheshimiwa. Swali lilikuwa moja: je, Uskoti iwe nchi huru? Vijana wa miaka 16 nao waliruhusiwa kupiga kura. Kwa muda mrefu watu hawakusema neno jingine. Walibishana madukani, vilabuni, makanisani, katika gari la moshi. Mume akibandika Ndiyo dirishani upande wa kushoto, mke akabandika La upande wa kulia. Mwanasiasa mmoja alipigwa yai akihutubia, na magazeti yakaliandika yai hilo kama vita. Siku ya pili ya kura palikuwa na vurugu katika uwanja mmoja wa Glasgow, polisi wakaizima. Hapana mtu aliyekufa kwa kura hiyo. Walipiga kura asilimia 84.6 ya walioandikishwa. Waliosema La walikuwa 2,001,926, waliosema Ndiyo 1,617,989. Kiongozi wa waliotaka uhuru, Alex Salmond, alikubali kushindwa, na siku ile ile akatangaza kujiuzulu.

Kwa nini walikataa? Wengine waliogopa, ndiyo. Waliuliza watatumia fedha gani, maana London ilikuwa imesema haitashirikiana nao katika paundi. Wazee waliuliza habari za pensheni zao. Wengine waliambiwa ya kuwa wakijitenga watatoka katika Umoja wa Ulaya. Lakini twakosa tukidhani ni hofu tu. Babu zetu walitawaliwa na Bunge lisilokuwa na mtu wao hata mmoja. Mskoti alikuwa na wajumbe wake katika Bunge lile. Gordon Brown, mwana wa mchungaji wa Kiskoti, alikuwa Waziri Mkuu wa Ufalme wote tangu 2007 hata 2010. Mskoti ana shemeji Uingereza na mtoto aliyeajiriwa London. Sisi tuliulizwa kama twataka kutoka katika nyumba ya mtu mwingine. Yeye aliulizwa kama ataka kuligawa jengo aliloshiriki kulijenga, na ndani yake vyombo vyake viko katika kila chumba. Swali lenye neno lile lile moja, lakini si swali moja. Na mtu apewaye haki ya kusema Ndiyo, akasema La kwa mkono wake, hatuwezi kumwita mtumwa. Hapo ndipo mshangao wetu ulipopungua, ingawa hatusemi umekwisha.

Wala neno halikwisha siku ile. Mwaka 2016 Ufalme wa Muungano ulipiga kura kutoka katika Umoja wa Ulaya, nao Waskoti walikuwa wametaka kubaki kwa asilimia 62; basi walioambiwa mwaka 2014 wakae ili wasitoke Ulaya, walitolewa Ulaya kwa sababu walikaa. Jambo hilo liliwachoma wengi, na watu wakabaki wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Serikali yao ikataka kuuliza swali tena. Mwezi Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Ufalme wa Muungano ikaamua kwamba Bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura hiyo bila idhini ya London. Katika hukumu hiyo sisi twaona shida ambayo upande wa London haujaijibu vizuri: ukisema muungano ni wa hiari, ni lazima uonyeshe mlango uko wapi, na ni nani ashikaye ufunguo.

Na Jiwe je? Mwaka 1996 lilirudishwa Uskoti kwa heshima, kwa mapatano kwamba litapelekwa London kila atawazwapo mfalme, kisha lirudi. Mwezi Mei 2023 lilikwenda kwa kutawazwa kwa Mfalme Charles, likarudi. Tangu mwaka 2024 limewekwa katika jumba la makumbusho la Perth, si mbali na Scone, alikolitoa Edward. Watu huingia kulitazama bila malipo, wakiwamo Waingereza.